Mke wa Chumba cha Juu

Ikiwa umepata kusoma Jane Eyre, riwaya ya mapenzi ya Charlotte Brontë iliyotolewa Uingereza mwaka 1847, hapana shaka unaikumbuka arusi iliyovunjika kanisani. Jane, msichana yatima, amesimama kando ya Bwana Rochester. Kasisi yu karibu kuwafungisha ndoa. Mara mtu akatokea na kusema kwamba bwana arusi anaye mke, tena yu hai. Mke huyo, Bertha Mason wa Jamaika, alikuwa amepatwa na wazimu, akafungiwa katika orofa ya tatu ya nyumba ileile alimolala Jane.

Je, msomaji, hapo ulimhurumia nani? Nadhani Jane. Ndivyo ilivyokuwa kwangu nilipokisoma kitabu hicho mara ya kwanza, na ndivyo ilivyo kwa wanafunzi wangu kila mwaka. Twasikia kicheko cha Bertha usiku, twamwona akitambaa kama mnyama, lakini yeye mwenyewe hapewi nafasi ya kutusimulia lolote. Mwishowe aichoma nyumba, naye afa kwa kuanguka toka juu ya paa. Basi njia ya ndoa imefunguka. Ugonjwa wake ni boma tu lililowekwa kati ya wapendanao wawili.

Likatokea jambo ambalo Brontë hakulitazamia. Toleo la pili, la Januari 1848, alilitunuku kwa William Thackeray, mwandishi aliyemstahi mno, pasipo kujua kwamba mke wa Thackeray alikuwa mgonjwa wa akili. Bibi huyo, Isabella, alianza kuugua mwaka 1840 baada ya kuzaa mtoto wake wa tatu, na sasa alikuwa akitunzwa mbali na jamaa zake. London ikajaa minong'ono. Brontë alipopata habari alifadhaika sana, maana kumbe mke wa chumba cha juu alikuwako kweli, na ana watoto. Isabella aliishi mpaka mwaka 1894, miaka thelathini baada ya mumewe kuzikwa.

Mwezi huohuo Brontë alimwandikia barua mtu mmoja wa kampuni iliyomchapia kitabu, akakiri kwamba amekosea: ametia kitisho kingi mno mahali palipostahili huruma. Ni waandishi wachache wawezao kukiri hivyo wakati kitabu chao kinasifiwa.

Lakini kitabu kilibaki kama kilivyo. (Katika mtaa niliokulia palikuwa na nyumba yenye chumba cha nyuma ambacho sisi watoto tulikatazwa kukikaribia, hatukuuliza jina la aliyekuwamo.) Ikapita miaka 119. Mwaka 1966 Jean Rhys, aliyezaliwa Dominika katika visiwa vya Karibi, alitoa Wide Sargasso Sea. Humo mwanamke yule anasimulia utoto wake mwenyewe: upweke, matusi ya majirani, nyumba yao kuteketezwa, na mama yake aliyepotewa na akili baada ya kufiwa na mwanawe. Kisha akaozwa kwa mgeni kutoka Uingereza, na mali yake ikawa ya mume. Sehemu kubwa ya katikati anasimulia mume huyo, wala si shetani. Naye ana hofu zake.

Jina la mwanamke huyo ni Antoinette. Bertha ni jina alilobandikwa na mumewe, naye hakulipenda.