Mchezo Alioutunga Mtoto

Mwalimu anayetaka kujua kama mwanafunzi anaweza kuzidisha ana mitihani tele ya kumpa. Lakini atapimaje uwezo wa kulichambua tatizo vipande vipande, kupanga hatua, na kulisaka kosa lilikojificha? Uwezo huo, tuuite fikra za kikompyuta, ulivuma kwa makala ya Jeannette Wing ya mwaka 2006, ingawa hoja yenyewe ni ya zamani zaidi.

Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, alishiriki kubuni lugha ya Logo huko Marekani mwaka 1967. Aliamini kuwa mtoto anayeiamuru kompyuta huanza kuzitazama fikra zake mwenyewe. Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland, wa Chuo cha Bank Street mjini New York, walieleza walivyoijaribu imani hiyo. Watoto waliokwisha kujifunza Logo walipewa kazi ya kupanga usafi wa darasa: nani afute ubao, nani amwagilie maua, lipi litangulie. Hawakuwapita wenzao ambao hawakuijua Logo kabisa. Papert alijibu mwaka 1987 kwamba Logo si dawa ya kunyweshwa mtoto kisha tukangoja apone. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini mzazi anayeuliza mwanawe amepata nini halimtoshi.

Yasmin Kafai alishika njia nyingine. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1995 alieleza habari za wanafunzi 16 wa darasa la nne, waliotumia miezi kadhaa kutunga michezo ya kompyuta ya kuwafundisha sehemu wadogo zao wa darasa la tatu. Mtoto alipanga, akakwama, akabomoa, akaanza upya, na mtafiti akawa anayaona hayo yote. Hata fundi wa bao hapimwi kwa maswali. Watu hukaa kando ya ubao wakamtazama anavyocheza.

Tatizo ni kwamba mchezo uliokamilika hauonyeshi jasho lake. Baada ya Scratch kutolewa mwaka 2007, watoto waliweza kuchukua kazi za wenzao na kuzigeuza, jambo ambalo mimi naliona jema. Lakini Karen Brennan na Mitchel Resnick, katika andiko lao la mwaka 2012, walionyesha kuwa mtoto huweza kuwa na amri zinazofanya kazi barabara ndani ya mchezo wake, na akihojiwa ashindwe kueleza zinavyofanya kazi. Mwaka 2015 wataalamu wa Hispania walieleza chombo chao, Dr. Scratch, kinachoikagua programu chenyewe katika vipengele 7 na kutoa alama zisizozidi 21. Chombo hicho huhesabu kilichomo. Hakijui kilifikaje humo. Aliyenakili na aliyehangaika wiki mbili hupata alama zilezile.

Brennan na Resnick walipendekeza, pamoja na mahojiano, kumpa mtoto programu ya mtu mwingine yenye kosa: aieleze, aiongeze, airekebishe. Hapo ndipo ningependa kukaa na mwanafunzi. Sijui mwalimu mwenye wanafunzi 70 atakaa na wangapi kabla kengele haijalia.