Chale za Wazee na Tatuaji za Vijana: Tujue Mkono Unaotuchora

Katika mji wetu wa Lubumbashi vijana wengi wanachorwa tatuaji mkononi, shingoni au mgongoni. Wazee wakiona wanasemaka: « Ile ni mambo ya wazungu. » Sisi tunaona si hivyo. Kuandika juu ya mwili ni desturi ya kwetu, tena ya zamani. Lakini mababu walishika jambo moja ambalo vijana wamelisahau: hawakumpa ngozi yao mtu yeyote tu.

Tuanze na Watabwa, ndugu zetu wa upande wa Moba, kando ya ziwa Tanganyika. Katika lugha yao neno kulemba ni kuchanja chale, na ni kuchora na kuandika pia. Alama yao moja, yenye safu za pembetatu, inaitwa balamwezi, maana yake kuandama kwa mwezi mpya. Alama hizo za mwili walizichonga hata kwenye sanamu za mababu. Kwa Waluba ni vilevile. Tazama viti vya wafalme wao: mwanamke wa mti anabeba kiti kichwani, na tumbo lake limejaa chale. Kwao mwanamke hakuhesabiwa mzuri kwa kuzaliwa tu. Uzuri ulikamilishwa na kazi ya fundi, na chale zilibeba kumbukumbu.

Kazi hiyo ilihitaji ujuzi. Juu ya ngozi nyeusi rangi haionekani sana, njo maana sehemu nyingi za Afrika ya kati walipendelea kovu lililoinuka. Fundi aliinua ngozi kwa ndoano au mwiba, akakata kwa kisu kidogo, kisha akapaka masizi. Akikata chini sana, kovu linaharibika. Akikata juu juu, alama inapotea. Fundi hakuhitaji kujisifu, juu ya kazi yake ilitembea kijijini juu ya miili ya watu, kila mtu akiiona.

Mji wetu ulianza mwaka 1910, kwa jina la Élisabethville. Baadaye kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Lomami, hata Rwanda. Katika kambi walichanganyika watu wa makabila mengi, mbali na mafundi wa vijijini. Misheni na shule nazo hazikupenda chale. Polepole chale za urembo zilififia. Zilibaki chale za dawa: mganga anachanja baba, mama na watoto kwa wembe uleule. Tena neno letu kuchanja lilichukua kazi mbili, ile ya mganga na ile ya dispansari, munganga wa serikali alipochanja watu mkononi juu ya ndui, ugonjwa uliotangazwa kwisha duniani mwaka 1980. Katika miaka ileile ya 1980 sida ilijulikana kwetu, na ikaonekana wazi kwamba wembe mmoja haupiti kwa watu wawili.

Sida si peke yake. Virusi vya hepatiti B vinaweza kukaa hai siku 7 nje ya mwili, katika damu iliyokauka ambayo hata jicho haliioni. Kupangusa sindano kwa alkoli kidogo hakutoshi.

Basi kijana anayetaka tatuaji aulize kama wazee walivyouliza. Kwanza, aone kazi ya fundi juu ya ngozi za watu ambao zimekwisha kupona, si picha za ukutani. Pili, sindano itolewe katika karatasi yake mbele ya macho yake, na itupwe baada ya kazi. Tatu, wino umiminwe kidogo katika kikombe kipya. Unaobaki usirudishwe katika chupa. Nne, fundi anawe mikono na avae glavu mpya. Fundi anayekasirika akiulizwa, tumwache. Mwenye kovu la zamani lililovimba afikiri mara mbili, juu ya ngozi yake inaweza kuvimba tena. Chanjo ya hepatiti B ipo. Ni vizuri kuipata mbele. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kisikwanguliwe. Kikitoa usaha au homa ikipanda, twende hopitali bila kungoja.

Sisi walimu tunaona wanafunzi wakichorana nyuma ya darasa kwa sindano ya kushonea na wino wa kalamu, sindano moja kwa marafiki watatu. Kuwaambia tu kwamba ni dhambi au ni uzungu hakuwazuii. Tuwafundishe historia ya ngozi yetu: kwamba kwa mababu alama ilikuwa kitu cha heshima, na mkono ulioiandika ulikuwa unajulikana.