Moyo, Mtima na Presha

Mtu wa Kaniha, wilayani Biharamulo, anapomwambia mganga, "Moyo unaniuma," hana budi kuulizwa swali la pili: je, ana huzuni, au kifua kinambana? Neno hilo limebeba maana mbili tangu zamani. Twampa mtu moyo, twamvunja moyo, naye aweza kufa moyo angali hai.

Washairi wa pwani walikuwa na neno jingine, mtima. Katika mazungumzo halisikiki tena, lakini huko bara shina lake li hai: Kirundi, ambacho ni ndugu wa Kihangaza cha Ngara, husema umutima, na Wahaya husema omutima.

Mwaka 1967 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Desemba mwaka huohuo, mjini Cape Town, Christiaan Barnard aliutoa moyo wa marehemu na kuupandikiza kifuani mwa mgonjwa. Moyo ulio kiungo ulijitenga waziwazi na moyo ulio makao ya hisia. Lugha, hata hivyo, haikuutenga.

Tazama istilahi "shinikizo la damu." Shinikizo ni chombo cha kukamulia mafuta, ndivyo damu inavyokandamiza kuta za mishipa. Wananchi, hata hivyo, wameshika "presha," nao huitumia pia kwa hofu na hasira. Kwa hiyo mtu mpole hudhani kwamba hana presha, hali ugonjwa huo mara nyingi hauna dalili. Hubainishwa kwa kipimo tu.

"Mshtuko wa moyo" nao hudhaniwa kuwa ni woga wa ghafla. Kumbe ni kuziba kwa mshipa unaoulisha moyo. Dalili zake ni kubanwa kifua, maumivu yanayoenea mkononi, mgongoni au tayani, jasho jembamba, kichefuchefu na kukosa pumzi. Wako wanaodhani ni kiungulia, wakangoja hadi asubuhi. Yafaa wakimbizwe hospitali mara moja.

Basi mfasiri wa kijitabu cha afya asiishie kwenye istilahi. Aandike kandoni mwake dalili zake, na kinga pia: kupima presha, kupunguza chumvi, kuacha tumbaku, kuutembeza mwili. Msomaji wa Kaniha akielewa maneno hayo, atajua wakati wa kufarijiwa na wakati wa kutafuta tiba.