Ngozi za Watoto wa Seveso

Jumamosi, tarehe 10 Julai 1976, yapata saa sita na nusu mchana, mtambo wa kiwanda cha ICMESA mjini Meda, kaskazini mwa Milano nchini Italia, ulipata joto kupita kiasi na kutema wingu la kemikali. Kiwanda hicho kilikuwa mali ya Givaudan, kampuni tanzu ya Hoffmann-La Roche ya Uswisi. Kilitengeneza triklorofenoli, malighafi ya heksaklorofini, yaani dawa ya kuua vijidudu iliyotiwa katika sabuni za kusafishia ngozi. Upepo ukalisukuma wingu lile kuelekea kusini, hadi mji jirani wa Seveso.

Ndani ya siku chache ngozi za watoto waliokuwa wakicheza nje zilianza kubabuka. Sungura na kuku wakafa. Baadaye kikazuka kile ambacho madaktari hukiita klorakne: chunusi nyeusi na vivimbe mashavuni na nyuma ya masikio, ambavyo huweza kudumu kwa miaka. Waliothibitika kuugua walikaribia 200, wengi wao wakiwa watoto. Chanzo kilikuwa dioksini iliyobebwa na wingu lile.

Je, hatari hiyo ilikuwa ngeni? La hasha. Mwaka 1949 mtambo wa Monsanto wa kutengeneza kemikali hiyohiyo ulipasuka mjini Nitro, Marekani, na wafanyakazi wakapatwa na klorakne. Mwaka 1953 yakatokea kama hayo katika kiwanda cha BASF mjini Ludwigshafen, Ujerumani. Kufikia mwaka 1957 watafiti wa Hamburg walikuwa wamekwisha kuibaini dioksini kuwa ndiyo chanzo. Elimu ilikuwepo, lakini ilibaki ndani ya ua wa viwanda, ikahesabiwa kuwa ni maradhi ya kazini. Hewa haikuujua ua huo.

Hapa ndipo historia ya afya inapogeuka kuwa historia ya siasa. Zaidi ya wiki moja ilipita kabla neno dioksini halijatamkwa hadharani. Familia za kwanza zilihamishwa tarehe 26 Julai, siku 16 baada ya ajali. Katika siku hizo watu waliendelea kuishi juu ya udongo wenye sumu, wakila mboga za bustani zao. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humuumbua. Huko Seveso aliyeficha alikuwa kiwanda, na waliolia ni watoto wa jirani.

Mwaka 1982 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo lililokuja kujulikana kwa jina la Seveso. Agizo hilo liliwalazimu wenye viwanda kuzieleza mamlaka hatari zilizomo katika mitambo yao, na likataka majirani waelezwe namna ya kujikinga. Jirani akapata haki ya kujua.

Leo eneo lililoathirika zaidi ni bustani ya mialoni, na chini yake umefukiwa udongo wenye sumu. Mtumishi wa umma anayetia saini kibali cha kiwanda, na mwanafunzi atakayerithi kiti chake, wanapaswa kujiuliza: je, wakaazi wa jirani wameambiwa kinachotoka katika bomba lile? Au tunangoja ngozi za watoto wao zitusomee taarifa?