Muuaji asiyeandikwa kwenye cheti

Jana nimeshuka kwenye daladala, nimefika nyumbani, nikavua shati. Kola niliyoifua juzi ilikuwa nyeusi tii! Nikajiuliza: kama shati liko hivi, mapafu je? Basi usiku nikakesha nasoma, na nimekutana na kisa ambacho naona si vibaya tukijuzana.

Kwanza, ndugu msomaji, masizi yale ya kwenye kola siyo ya kuogopa zaidi. Chembe hatari kabisa huzioni. Upana wake hauzidi maikromita 2.5, yaani unywele mmoja ni mnene mara 30 hivi kuliko chembe hiyo. Zinapita puani, zinazama ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu.

Kwamba moshi mzito unaua, hilo lilijulikana. Desemba 1952 ukungu wa moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku 5, na hesabu za wakati ule zikataja vifo kama 4,000. Lakini hewa ya siku za kawaida je, ile ambayo hakuna anayeilalamikia?

Swali hilo walilibeba watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1970. Mafuta yalikuwa yamepanda bei tangu 1973, na ilitarajiwa Marekani ingechoma makaa ya mawe zaidi. Wakachagua miji 6, wakaandikisha watu wazima 8,111, wakawauliza kuhusu sigara, kazi na elimu, wakapima hewa. Kisha wakasubiri. Kwa miaka 14 hadi 16 walifuatilia nani yu hai na nani amefariki.

Desemba 1993 Douglas Dockery na wenzake wakatoa majibu. Hata baada ya kuzingatia sigara na mengineyo, kiwango cha vifo Steubenville, mji wa viwanda vya chuma huko Ohio, kilikuwa juu kwa asilimia 26 kuliko Portage, Wisconsin, kwenye hewa safi.

Mwaka 1997 serikali ya Marekani ikaweka kwa mara ya kwanza kikomo cha chembe hizo ndogo. Wenye viwanda wakaja juu: tuonyesheni takwimu zenu! Watafiti nao walikuwa wamewaahidi watu wale kutunza siri zao. Mwishowe kazi ikakabidhiwa Health Effects Institute, taasisi inayopata fedha kutoka serikalini na kwa watengeneza magari pia. Wataalamu wengine wakapiga hesabu upya toka mwanzo. Mwaka 2000 wakatoa jibu: matokeo ni yale yale.

Mimi kama mwandishi kilichonigusa ni hiki. Cheti cha kifo huandika moyo, huandika mapafu. Ni nadra sana kuandika hewa. Ukimtazama marehemu mmoja mmoja, muuaji humwoni. Alionekana kwa sababu kuna watu walikubali kuhesabu kwa miaka mingi bila kuchoka, na hesabu yao ilipotiliwa shaka ikakaguliwa na wengine, ikasimama.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nadhani hata roho za watu ni hivyo hivyo. Je, mtaani kwako daftari la hewa analo nani?