Kutoka Waya wa Reli hadi Simu ya Tochi: Vyombo vya Mawasiliano Bahi

Bahi iko magharibi ya mji wa Dodoma, kwenye bonde tambarare ambamo mto Bubu humwaga maji yake na kuacha mbuga ya tope inayogeuka mashamba ya mpunga mvua zikikubali. Ni nchi ya Wagogo, yenye mvua chache na mifugo mingi, na tangu 2007 ni wilaya kamili, baada ya Dodoma Vijijini kugawanywa kuwa Bahi na Chamwino. Vyombo vya mawasiliano vilifika hapa vikiwa vimekwisha zoeleka kwingine. Watu hawakuvishangaa kwa muda mrefu, bali walivipima kwa maswali ya mtu anayeishi mbali na fundi, mbali na duka na mbali na umeme: chombo kinakula nini, kikiharibika kinatengenezwa wapi, na je, mtu anaweza kukitumia mwenyewe au lazima amtafute wa kumfanyia? Swali la mwisho ndilo lililoamua mengi.

Chombo cha kwanza kilikuwa waya. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kukatiza Ugogo, ambako maji yalikuwa machache na watemi wenye visima walitoza hongo ya nguo, shanga na masango, yaani waya mnene uliofuliwa kuwa bangili na mapambo. Wajerumani walipotundika waya wa telegrafu kwenye nguzo kuelekea Kilimatinde na Tabora, walikuwa wametundika hadharani, bila mlinzi, mali ambayo bei yake ilijulikana. Katika sehemu mbalimbali za koloni waya huo ulikatwa na kuvaliwa mikononi, na pale ambapo watu hawakuugusa, twiga waliukata kwa shingo zao. Maofisa waliona wizi na ujinga. Ukweli ni kwamba mwenyeji alikuwa na hoja: waya uliokuwa juu haukumsaidia kwa lolote, ila uliokuwa mkononi ulikuwa na faida.

Hali ilibadilika kidogo reli ilipofika. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya kampuni ya Philipp Holzmann, ukafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Bahi ikawa stesheni kati ya Kigwe na Kintinku. Njia ilikuwa moja tu, kwa hiyo treni haikuruhusiwa kuondoka mpaka stesheni ya mbele ikubali kwa waya kwamba njia iko wazi. Ndani ya chumba cha stesheni masta mtambo uligonga usiku na mchana, na aliyeuelewa alikuwa mtu mmoja.

Kwa raia wa kawaida, telegramu ilikuwa huduma ya kupitia mikono ya wengine. Mtu alikwenda stesheni au posta, akasema shida yake, karani akaiandika, akahesabu maneno na kutaja gharama. Kwa kuwa kila neno lililipiwa, habari zilikatwa mpaka zikabaki mifupa: nani amekufa, nani aje, fedha kiasi gani zitumwe. Siri haikuwapo. Karani wa huku alijua, karani wa kule alijua, na kwa kawaida mpeleka barua naye alijua kabla ya mwenye telegramu. Ndiyo maana telegramu ilibaki chombo cha misiba na dharura, na barua iliyosafiri kwa treni ikabaki na mazungumzo ya kweli, ingawa nayo mara nyingi iliandikwa na kusomwa na mwanafunzi wa jirani.

Redio ndiyo iliyomwondoa mtu wa katikati. Matangazo ya majaribio ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza 1951, yakawa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikalichukua na kuunda Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio za mwanzo, za balbu za kioo, zilihitaji umeme au betri kubwa ya gari, na kwa Bahi hizo zilikuwa vyombo vya misheni, maofisa na wenye maduka. Transista ilibadili hesabu yote. Ilikuwa ndogo, ilitumia betri kavu, na kuanzia 1966 kiwanda cha Matsushita jijini Dar es Salaam kilitengeneza redio na betri za National nchini. Chombo hakikudai kusoma wala kuandika. Kilikuwa na vifundo viwili vya maana, kimoja cha sauti na kimoja cha kutafutia stesheni, na mzee asiyejua herufi alikijua kwa vidole kuliko mwalimu wa shule.

Maoni ya watu kuhusu redio yalionekana katika namna walivyoitunza. Ilishonewa mfuko wa ngozi au kitambaa, ikafungiwa waya mrefu uliopandishwa mtini ili isikike vizuri, na betri zikichoka zikaanikwa juani zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Ubora wake haukupimwa kwa uzuri wa sauti, ulipimwa kwa ulaji wake wa betri. Redio yenye sauti kubwa iliyomaliza betri kwa wiki ilionekana hasara, hata kama ilikuwa ya bei. Kwa Wagogo kulikuwa na furaha ya ziada: muziki wao wa zeze na ilimba, ambao baadaye Hukwe Zawose aliupeleka hadi Ulaya, ulisikika ukirudi kutoka Dar es Salaam ndani ya kisanduku.

Serikali nayo ilitambua nguvu ya chombo hiki. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 iliwahamisha watu wa mkoa huu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa, kazi iliyoacha manung'uniko mengi kuhusu malisho na mashamba ya mbali. Lakini ilirahisisha jambo moja: redio moja sasa iliweza kusikilizwa na kijiji. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendesha kwa wiki 12 madarasa ya kusikiliza redio nchi nzima, kila kundi likiwa na kiongozi na kitabu chake, na wasikilizaji walikaribia milioni 2. Baada ya kipindi watu walijadiliana, wakaamua, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Ni vigumu kupata chombo kingine kilichoingia vijijini kikaacha matokeo yanayopimika kwa jembe namna hiyo. Mafanikio yake, hata hivyo, hayakutokana na redio peke yake. Kulikuwa na mtu wa kuulizwa papo hapo, kwa lugha ya wasikilizaji.

Mitambo mingine ilichelewa, na ucheleweshaji huo ulikuwa wa makusudi. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa kompyuta wa hesabu za serikali kuleta vurugu, uingizaji wa kompyuta ulizuiwa, na zuio hilo lilidumu takriban miaka 20. Zanzibar ilianza televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja ITV mwaka 1994. Bahi haikupoteza mengi kwa zuio hilo, kwa kuwa hata umeme haukuwapo. Miaka ya 1980 laini ya msongo wa kilovoti 220 ilivutwa kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, na kwa muda mrefu vijiji vya nyanda hizi viliona nguzo kubwa vikiwa gizani, mpaka miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini ilipoanza kushusha umeme.

Simu za mezani hazikuwahi kuwa chombo cha mwananchi hapa. Shirika la Posta na Simu Tanzania, lililorithi mitambo baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, lilishindwa hata kuwatosheleza wa mjini. Mwaka 1994 posta na simu zilitenganishwa, na mwaka huohuo Mobitel ikaanza huduma ya simu za mkononi Dar es Salaam. Vodacom ilikuja 2000, Celtel 2001. Katika vijiji vya Bahi mtandao ulifuata barabara na reli kwanza, ukiwaacha wa ndani wakipanda vichuguu na miti kuutafuta. Mti wenye mtandao ulijulikana na wote, na chini yake hapakukosa mtu.

Simu iliyoshinda haikuwa ya kifahari. Nokia 1100 ya mwaka 2003, na nyingine za aina yake, ilikuwa na tochi, ilivumilia vumbi na ilikaa na chaji siku kadhaa. Tochi ilitosha kumshawishi mfugaji anayehesabu ng'ombe usiku. Zilipoingia simu za Kichina zenye spika kubwa na nafasi za laini mbili au tatu, vijana walizipenda kwa muziki na kwa kuwa mtandao mmoja ukikosekana mwingine hupatikana. Wazee walizilaumu kwa sababu ileile ya redio za zamani: zinakula chaji. Kuchaji kulikuwa biashara, kwenye vibanda vya sola, jenereta au betri ya gari, na simu ililala huko usiku kucha ikiwa imebandikwa jina la mwenyewe. Salio likiwa dogo, watu walibipu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia, baada ya kuwataka watu wabonyeze *#06# na kutuma namba ya kifaa inayotokea kwenda 15090. Wengi walionunua kwa nia njema walijikuta na redio ndogo yenye tochi, kwa kuwa hizo mbili ndizo sehemu zilizobaki zikifanya kazi.

Mwezi Aprili 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa Tanzania. Kasi yake mwanzoni ilikuwa ndogo kuliko Kenya, kwa kuwa nchi ni pana na mawakala walikuwa wachache. Baadaye ilienea kwa sababu iliyokuwa rahisi kuiona kijijini: ilifanya kazi kwenye simu yoyote, bila bando, kwa Kiswahili, kwa kubonyeza *150*00# na kuchagua namba kwenye orodha fupi. Kwa watu wa Bahi orodha hiyo ndiyo iliyokuwa tovuti ya kwanza. Kasoro zake walizijua vizuri. Mwenye vidole vizito hukatiwa kabla hajamaliza kuandika, na kosa la tarakimu moja hupeleka hela kwa mgeni. Asiyesoma humpa mjukuu au wakala simu, na mara nyingi humtajia na namba ya siri. Hapo mtu wa katikati alirudi, safari hii akiwa karibu na pochi. Desturi mpya zilizaliwa pia: mtumaji muungwana huongeza hela ya kutolea, na kila mtu mzima amewahi kupokea ujumbe wa tapeli asemaye "ile hela tuma kwenye namba hii."

Kuanzia 2014 mitandao ilianza kutumiana fedha, Vodacom na Tigo zikiungana 2016, na laini nyingi mfukoni zikapungua umuhimu. Serikali ilipoweka tozo ya miamala Julai 2021, maoni ya watumiaji yalijulikana haraka sana, nayo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Wapo waliorudi kutuma fedha taslimu kwa makondakta wa mabasi. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufikia ukomo Januari 2020, ulileta tatizo la aina nyingine: mikono iliyoshika jembe miaka 40 imelika, na kisomeo hakiioni.

Tovuti zenyewe ziliingia kupitia shule na ajira. Tangu Tume ya Vyuo Vikuu ianze udahili wa pamoja kwa mtandao mwaka 2010, na maombi ya mikopo na ajira za serikali yakafuata njia hiyo, kijana wa Bahi alihitaji kivinjari, baruapepe, nakala za vyeti zilizoskaniwa na subira. Kurasa nyingi zilikuwa za Kiingereza, zilitengenezwa kwa skrini ya kompyuta, na zilipozidiwa siku ya mwisho zilizima. Juhudi za kuandika programu za kompyuta kwa Kiswahili zilikuwapo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft ikafuata na Windows ya Kiswahili. Hazikuenea, kwa kuwa aliyejifunza kompyuta darasani alijifunza kwa menyu za Kiingereza. Kazi ikaangukia steshenari. Mwenye steshenari hujaza fomu, hufungua baruapepe kwa niaba ya mteja, huandika neno la siri kwenye karatasi na mara nyingine hubaki nalo. Ni kazi ya karani wa telegramu, tofauti ikiwa kwamba sasa mteja amekaa pembeni akiona kioo bila kuwa na hakika ya kinachobonyezwa.

Saa nazo zimebaki kikwazo kisichotajwa sana. Reli tangu zamani iliandika ratiba kwa saa za Kizungu, na treni ya umeme ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 huuza tiketi kwa mtandao kwa mtindo huohuo, wakati abiria huhesabu saa kumi na mbili asubuhi pale tiketi inapoonyesha 06:00. Anayeizoea hugeuza kichwani. Asiyeizoea humuuliza aliye jirani.

Kwa mkulima, mfumo mkubwa zaidi hadi sasa ni ule wa ruzuku ya mbolea uliozinduliwa Agosti 2022. Taarifa za shamba huandikishwa kijijini, na huduma hufuata namba ya simu: namba ya utambulisho huja kwa ujumbe mfupi, na wakala wa pembejeo huitumia kutoa mbolea kwa bei ya ruzuku. Muundo huu unamfaa mwenye simu ya tochi, kwa kuwa haumdai intaneti. Palipo na simu moja kwa kaya nzima, namba hiyo humfikia mwenye simu, ambaye si lazima awe ndiye anayelima.