Redio ya gari, besi na habari: namna fundi alivyoifungua redio ya kiwanda

OMATE, Walikale. Gari ikikaribia kijiji, besi huifika mbele. Mtu aliye ndani ya nyumba husikia kwanza ule mdundo wa chini unaotikisa mabati, kisha mlio wa motere, na maneno ya wimbo hufika mwisho wa yote. Sauti nzito hupita ukuta wa mbao bila kudhoofika sana, wakati sauti nyembamba, ile inayobeba maneno, inamezwa njiani. Kwa familia iliyohama, inayongojea kusikia kama barabara imefunguliwa au kama mtoto aliyepotea ameonekana, ile tofauti kati ya mdundo na maneno ina uzito wake. Bafle inayofungwa nyuma ya kiti cha gari ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na historia hiyo inapita karibu sana na ile ya habari zenyewe.

Tuanze na jambo ambalo wazee wanaolalamika juu ya kelele hulisahau: redio yenyewe iliingia garini kama kitu cha kuongezwa. Gari za kwanza zilitoka kiwandani bila redio. Mwaka 1930, kule Chicago nchini Marekani, Paul Galvin na mafundi wake walitengeneza redio iliyoweza kufungwa ndani ya gari ya mtu yeyote, wakaipeleka Atlantic City kuwaonyesha wafanyabiashara. Waliiita Motorola, neno la motere likiungwa na mwisho uliotumiwa na mashine za muziki za wakati ule. Iliuzwa kati ya dola 110 na 130, pesa nyingi sana kwa siku zile, na kuifunga ilikuwa kazi kubwa: kutoboa, kuvuta waya, kupigana na kelele za plagi za motere zilizoingia ndani ya spika. Baadaye ndipo viwanda vya gari vikaanza kuweka redio vyenyewe. Kwa hiyo fundi wa kando ya barabara anayeifungua gari na bisibisi anafuata kazi ya zamani kuliko redio ya kiwanda.

Kaseti ya Philips ilitokea mwaka 1963, na kutoka hapo dereva hakulazimika tena kusikiliza kile kilichorushwa hewani, aliweza kuchagua muziki wake. Besi nzito ilipata njia nyingine. Mwaka 1974 filamu moja ya Marekani juu ya tetemeko la ardhi ilionyeshwa katika kumbi zilizowekewa spika kubwa mno, zilizotikisa viti ili watazamaji wahisi tetemeko mwilini. Miaka iliyofuata spika za namna hiyo, zilizotengwa kwa sauti za chini peke yake, zikashuka kutoka ukumbini hadi nyumbani, na kutoka nyumbani hadi nyuma ya gari.

Congo haikungoja kufundishwa. Kinshasa, tangu miaka ya 1960, Mingiedi Mawangu na wenzake, watu wa asili ya Bazombo kutoka upande wa mpaka wa Angola, walikuwa wakipiga likembe katika mji uliojaa kelele. Likembe ni chombo kidogo, sauti yake haivuki meza. Wao wakachukua sumaku kutoka kwenye vipande vya gari chakavu, wakazizungushia waya, wakapata maikrofoni. Wakazitoa sauti hizo kupitia vile vipaza sauti vilivyoachwa na utawala wa Kibelgiji, vinavyoitwa lance-voix. Kundi hilo, Konono N°1, lilijulikana dunia nzima baada ya albamu yao ya Congotronics kutoka katika miaka ya 2000. Ule mkwaruzo ambao fundi mwingine angeuita kasoro, wao waliufanya sehemu ya muziki. Mtu anayetafuta fundi wa kwanza wa sauti za gari katika nchi hii angeweza kuanzia hapo, ijapokuwa wao walitoa vitu ndani ya gari badala ya kuviingiza.

Turudi mashariki. Gari nyingi ndogo na taksi-basi zinazotumika Kivu ya Kaskazini ni za okazioni, zilizotengenezwa Japani kwa ajili ya Wajapani, zikaja kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, na kutoka huko kwa barabara. Zinafika na redio nzuri, mara nyingine yenye skrini na maandishi ya Kijapani yasiyosomwa na mtu. Lakini redio hiyo ina kasoro moja ambayo dereva mpya huigundua siku ya kwanza: haisikii kitu. Japani, FM ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90. Kwetu, kama sehemu nyingi za dunia, FM inakwenda kutoka 87.5 hadi 108. Sehemu inayolingana ni ndogo mno, na redio nyingi ziko juu yake.

Mfano ni Radio Okapi. Ilianza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, siku ileile mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, Afrika ya Kusini, wakati nchi ilikuwa imekatwa vipande na vita. Umoja wa Mataifa uliianzisha pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi, na ilisema kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Kiluba. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mtu wa Goma na mtu wa Kinshasa waliweza kusikia habari ileile kwa wakati uleule. Goma inasikika kwenye 105.2. Redio ya gari ya Japani, inayoishia 90, haina namba hiyo kabisa. Gari inapita, redio yake inawaka taa, na dereva hajui kilichotokea mbele yake barabarani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mafundi wetu juu ya redio ya kiwanda ilikuwa kutafuta habari. Besi ilikuja baadaye. Walikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuing'oa redio yote na kuweka nyingine, ya Kichina mara nyingi, yenye tundu la USB na FM hadi 108. Ya pili, yenye bei ndogo, ni kale kasanduku kanakofungwa katikati ya antena na redio, kanakoshusha namba. Kale ka 20 kanaichukua 105.2 na kuionyesha redio kama 85.2, nayo inaipokea bila kujua imedanganywa. Sauti hupungua ubora kidogo, na mara nyingine stesheni mbili hupandana, lakini maneno yanasikika.

Umuhimu wa hilo kwa watu waliotawanyika unajulikana katika Maziwa Makuu tangu zamani. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake yenye kuunganisha familia. Watu walisomewa majina hewani, na ndugu walipatana. Tangu hapo kila wimbi la vita katika Masisi, Walikale au Rutshuru limewakuta watu wakikusanyika mahali penye redio na batri: mlango wa duka, simu ya jirani, na gari iliyosimama milango wazi.

Redio mpya ilipowekwa, njia ya besi ikawa imefunguka, kwani redio hizo za Kichina huwa na matundu ya kutolea sauti kwenda kwenye ampli. Mwenye kubaki na redio ya kiwanda hana matundu hayo. Hapo fundi hukata waya za spika za nyuma, akaziunganisha na kigeuzi kidogo kinachoshusha nguvu ya sauti, kisha ndipo zinaingia kwenye ampli. Waya nene wa umeme hutoka moja kwa moja kwenye batri, na mwingine, waya wa masi, hufungwa kwenye bodi ya gari mahali palipokwaruzwa rangi mpaka chuma kikaonekana. Masi ikifungwa juu ya rangi au kutu, spika hutoa mluzi unaopanda na kushuka pamoja na motere. Kisha kuna fyuzi. Inapaswa kukaa karibu kabisa na batri, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichubuka njiani ukagusa chuma, fyuzi iliyo kule nyuma karibu na ampli haitasaidia kitu, na gari itawaka moto. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa mara nyingi.

Nchi iliyopiga mbele zaidi katika mambo haya ni Kenya, kwa gari zilezile zilizoshukia bandari ileile ya Mombasa. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi iliyokuwa ikidaiwa, na biashara ikafurika. Gari zikawa nyingi kwenye njia moja, nauli ileile. Mwenye gari alimvutaje abiria? Kwa rangi na kwa muziki. Kufika miaka ya 1990 vijana wa Nairobi walikuwa wakiacha matatu tupu ipite ili wangojee ile yenye besi nzuri. Bafle ikawa chombo cha kazi kama tairi. Kisha ikaja Februari 2004 na kanuni za waziri John Michuki: mikanda, kidhibiti mwendo cha kilometa 80 kwa saa, abiria kuhesabiwa, mstari wa manjano ubavuni. Mapambo na muziki vikanyamaza kwa muda. Mwaka 2009 Kenya ikaweka pia kanuni za kitaifa dhidi ya kelele. Hata hivyo muziki ulirudi, na mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea hadharani vijana wanaochora na kupamba matatu. Serikali ilijifunza kwamba kuondoa bafle ni kugusa mkate wa mtu.

Upande wetu ushindani wa namna hiyo ni mdogo. Barabara ya Sake kwenda Masisi haina nafasi ya abiria kuchagua besi: mtu hupanda kile kilichopo, mara nyingi juu ya mizigo ya Fuso. Na hapo ndipo ufundi ulioigwa mjini unapoharibu vitu. Malori kama Fuso hutumia volti 24, batri mbili za 12 zikiwa zimefungwa pamoja. Ampli ya gari ndogo inataka 12. Fundi mwenye haraka huchukua umeme kwenye batri moja tu kati ya hizo mbili. Inapiga vizuri, wote wanafurahi. Lakini batri moja inachoka huku ya pili ikijazwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zinakufa. Kinachotakiwa ni kipunguza umeme kutoka 24 hadi 12, kinachovuta sawasawa kwenye batri zote mbili.

Hesabu ya batri yenyewe haihitaji shule ndefu. Volti 12 mara ampea 25 ni wati 300, na kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea kama joto, ampli inayotoa wati 300 za kweli huvuta zaidi ya hapo. (Namba kubwa zilizoandikwa kwenye sanduku, wati 2000 na kuendelea, ni za kuuzia.) Batri ya ampea-saa 60 ikivutwa ampea 30 bila motere kuwaka, kwa hesabu ni saa mbili, na motere itakataa kuanza kabla saa hizo hazijaisha. Mjini, gari isiyowaka asubuhi inasukumwa na watoto. Katika kijiji ambako gari hiyo moja ndiyo ingempeleka mwanamke mwenye uchungu hospitalini, au ingeondoa wazee siku risasi zinaposikika, muziki wa usiku kucha na motere imezimwa una bei nyingine kabisa. Sehemu nyingi za Masisi na Walikale hazina umeme wa SNEL, na batri iliyokufa hungojea jua la paneli ndogo ya mtu.

Besi haisaidii kusikia mtangazaji. Sauti ya mwanaume akisema huanza karibu na hezi 100, ya mwanamke karibu 200, na zile herufi zinazotofautisha neno moja na jingine, kama s, t na k, ziko juu sana, kwenye maelfu. Bafle ya besi hufanya kazi chini ya hezi 80 au 100. Ikifungwa bila kichujio kilichowekwa vizuri, inaichukua sauti ya mtangazaji na kuifanya kama ya mtu anayesema ndani ya sufuria. Watu waliosimama kando ya gari wanasikia kwamba kuna habari, wanasikia jina la kijiji, lakini hawashiki kama barabara imefungwa au imefunguliwa. Kichujio kikiwekwa sawa, kinyume chake hutokea: spika ndogo za milango, zikiondolewa mzigo wa besi, husema maneno kwa usafi zaidi kuliko zilivyotoka kiwandani.

Ampli huwashwa na waya mwembamba wa tatu, ambao redio nyingi za kiwanda hazina. Fundi humtafutia umeme kwenye ufunguo wa gari, na wale wanaojali hupitisha waya huo kwenye swichi ndogo chini ya usukani. Redio inaendelea, besi inazimika. Saa ya habari ikifika dereva huibonyeza, hufungua milango miwili ya mbele, na huliacha gari limesimama mpaka matangazo ya majina yaishe.